Chumba Ambacho Mama Hakukifagia

Kazi yangu ilikuwa kutia mkono katika magunia ya watu. Nilikuwa mkaguzi wa karafuu bandarini Malindi, kisiwani kwetu, na katika miaka ile ya hamsini hiyo ilikuwa kazi ya kuvalia koti. Unatia mkono mpaka kiwikoni, unatoa karafuu za katikati ya gunia, unazivunja kwa kucha. Iliyokauka hukatika, mbichi hupinda. Zikipinda, gunia linarudi shamba, hata mwenyewe alie.

Nilisifika kwa ukali na nikaupenda ukali wangu. Wajomba zangu wawili niliwarudisha na magunia yao, wakaninunia msimu mzima.

Siku moja, baada ya mvua za vuli, alikuja mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani tangu alifu. Alikuwa na magunia manne kutoka shamba lake dogo upande wa Kizimbani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Zishakauka hizi. Nimezianika kwa mkono wangu."

Nilimwona alivyokuwa akipapasa ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Macho yake hayakuwa yakiona tena vizuri, nami nililijua hilo. Lakini keshasema zimekauka. Kutia mkono baada ya neno lake, mbele ya wachukuzi, ni kumwambia mwalimu wangu kuwa muongo. Sikuweza. Nikayapiga alama yangu magunia yote manne, nikambusu mkono.

Zilikuwa mbichi. Zilivunda ghalani, zikaharibu na za wengine, na alama ilikuwa yangu. Kujitetea kungekuwa kumtaja, kwa hiyo nilinyamaza, na siku zilipogunduliwa nikafukuzwa kabla ya adhuhuri. Watu wakasema nimekula rushwa. Nikipita barazani mazungumzo yanakatika, na mimi sikuumbwa na moyo wa kuvumilia hayo. Nikaamua kwenda Mombasa kutafuta meli, nikaanze maisha mahali ambapo hakuna anayenijua.

Mama alikuwa mjane, na tulikaa Mkunazini, yeye, mimi na dada yangu. Asubuhi ya safari alinipitisha chini ya msahafu, kisha akauegemeza ufagio nyuma ya mlango wa chumba changu. Kwetu, msafiri akitoka hapafagiwi nyuma yake mpaka awe amefika, maana kufagia ni kumfutia nyayo. Wengi hungoja siku moja, wakakisia kwamba keshafika. Mama hakuwa mtu wa kukisia.

"Ukifika tu, niandikie," alisema. "Chumba chako sikifagii mpaka nipate khabari yako."

"Ntaandika, mama."

"Nchi yoyote, baba. Hata maneno mawili."

Nilifika Aden, nikafika Bombay, nikafika Cardiff kwenye baridi inayouma meno. Nilichochea makaa tumboni mwa meli mpaka nyusi zikaungua. Nchi kavu niliosha vyombo katika mkahawa wa mabaharia. Kila bandari nilinunua karatasi, nikakaa nayo. Niandike nini? Kwamba yule bwana wa koti sasa anasugua masufuria? Nilikuwa nikimkasirikia mwalimu, kisha najikasirikia mwenyewe, kisha naikunja karatasi. Nikajiambia nitaandika siku nitakapokuwa na kazi ya kumfurahisha mama.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwisho nikapewa kutunza stoo ya meli, na nikaandika. Niliandika kurasa tatu za majivuno, nikaipeleka barua posta. Miezi michache baadaye nikapata ruhusa, nikarudi nyumbani na sanduku jipya na shali ya sufi ya mama.

Dada alinifungulia mlango. Hakunikumbatia. Aliingia ndani akarudi na barua yangu, haijafunguliwa.

"Imekuja arubaini yake ishapita," alisema. "Ina jina lake, sikuifungua."

Nilikaa chini pale pale ukumbini. Shali ilikuwa begani kwangu, sikujua niipeleke wapi.

"Aliugua sana?"

"Mwezi mzima. Kila akisikia hodi anauliza kama ni barua. Tukitaka kukusafishia chumba anafoka. Anasema, hajafika huyo, msimfutie nyayo."

Nilikwenda chumbani. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kitanda na juu ya mkeka wa kusalia, na utando wa buibui umefunga dirisha. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, pale alipouegemeza. Maneno mawili tu alitaka, nami nilikuwa nayo tangu Aden.

Dada alisimama kizingitini. "Fagia," alinambia. "Ushafika."

Nikauchukua ufagio. Nilifagia kuanzia pembeni kuja mlangoni, kama mama alivyonifunza, nikilia kwa sauti, mtu mzima mimi, na dada hakuniambia ninyamaze.