Nimeitika "Naam" dukani kwa fundi

Leo nimeitika mbele za watu, na aliyeniita hayupo duniani.

Kompyuta yetu ilijaa, nkaipeleka Darajani kwa fundi, akavihamishia vilivyomo kwenye diski kubwa.
Ikawaka. Fundi akasoma kiooni: "Inatengeneza mfumo wa mafaili."

Inatengeneza? Si ndiyo kuanza upya, vya zamani vifutike? Sauti ya marehemu mama imo humo tu.

"Fundi, ishafuta?"
"Wacha pupa, Bi Zuwena. Penye patupu inatengeneza, penye vitu inatanua nafasi tu, haifuti. Inajifanyia yenyewe kila ikiwaka."

Nkaifungua ile sauti.
"Zuwenaaa!"
"Naam, mama!"

Fundi akacheka. Akaniona machozi, akanisogezea kiti.

Nafasi sasa tele, jamani. Wenye sauti ya mama kwenye simu zenu, hata salamu tu, nitumieni.