Pipa la Mrututu

Wadudu wangu walikufa wote ndani ya wiki moja. Wadudu, ndivyo tunavyowaita sisi tunaosafisha majitaka: huwaoni kwa macho, ila ndio wanaokula uchafu kwenye tangi. Bweni ninalohudumia liko mlimani, hapa Mbeya, na maji yakitoka kwangu yanashuka hadi mfereji ambao mama yangu anautumia kumwagilia spinachi ya kuuza sokoni Mwanjelwa. Sasa yalishuka meusi, yananuka. Nilimwomba mama asimwagilie, anipe siku tatu tu. Akakubali, ingawa jua lilikuwa kali na kisima hana.

Mbaya wangu nilimjua. Fundi betri wa jirani! Risasi ya betri inaua wadudu, nani asiyejua? Nikamfuata, nikamtukana mbele ya wateja wake mpaka akaloa jasho. Akaapa hajamwaga kitu. Muongo mkubwa wewe, nikamwambia.

Dawa ni kuomba mbegu, yaani tope lenye wadudu hai kutoka tangi jingine. Nikaenda Iringa kwa dada mmoja wa kazi yetu. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, akanijazia pipa. Nilikuwa nimebeba la mama, maana lina mdomo mpana na wadudu wanataka hewa. Tope lilinukia udongo wa mvua ya kwanza. Nikapanda nyuma ya Fuso, nakoroga kwa mwiko njia nzima. Tulipofika Nyololo tope bado lilikuwa zima.

Tulipofika Igawa nikafunua tena. Jamani! Tope limekatikakatika, maji ya juu yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, harufu ya udongo hakuna. Nikalia mbele ya watu, sikuona hata aibu. Ndipo nikaona alama ya bluu ndani ya pipa. Mrututu, dawa ya shaba ambayo mama hupulizia nyanya. Nililisugua mwenyewe, nikadhani limetakata.

Halafu nikakumbuka. Kabla wadudu wangu hawajafa, mama alinipa pipa hilo hilo na mabaki ya mrututu ndani. "Usimwage mferejini, utaniulia mboga." Nami, mtoto mtiifu, nikalibeba hadi kazini, nikamimina yote kwenye tangi ili yasafishwe.

Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, spinachi imelala chini. Wadudu wamefika? Nikusubiri?"

"Ng'oa, mama," nikasema. "Ng'oa yote. Ni mimi niliyewaua."