Kozi wa Ghorofa Lisilokwisha

Juzi nilipita Mpanda kikazi, nikatembea hadi mtaa niliokulia. Lile ghorofa limekwisha, rafiki yangu. Lina vioo vya bluu, chini wanauza simu. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikacheka peke yangu, maana mimi nalijua lilipokuwa zege tupu na kileleni wakiishi kozi, wale ndege wawindaji.

Mwenyewe alikuwa ameacha kujenga orofa ya tatu, mchanga ukabaki juu. Humo ndimo kozi jike alimotaga. Wakati huo nililelewa na bibi, mzaa mama, na msimu wa mavuno alianika mpunga kutoka bonde la Mwamkulu kwenye turubai uani. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuwafukuza njiwa wa jirani. Walikuwa wanene, hawana haya. Nikipiga kopo upande huu, wanahamia ule. Basi siku moja kitu kikashuka kutoka juu kama jiwe, pah! Manyoya yakabaki yakielea juu ya mpunga, njiwa wote wakatoweka. Bibi akapiga vigelegele.

Mwalimu alitueleza kuwa huyo si mwewe mwizi wa vifaranga. Ni kozi, huwinda ndege wenzake hewani. Tangu hapo nikawa nakaa uani na muhogo wangu wa kuchemsha, shingo juu, mpaka vichwa vitatu vyeupe vya makinda vikachungulia ukingoni. Kelele zao zilifika jikoni. "Wageni wana njaa," bibi alikuwa akisema, huku anapepeta.

Jirani hakufurahi. Alikuja ameshika fito ndefu.

"Mama, nakwenda kuwatoa. Wanamaliza mifugo yangu."

"Na mifugo yako inakula kwa nani?" bibi akamjibu.

Akapanda ngazi za ghorofa. Nilijificha nyuma ya mlango, machozi yananitoka. Mara tukasikia kelele kali, na kofia ya jirani ikaja ikipepea hadi kwenye turubai letu. Alishuka mbio, fito ameiacha hukohuko.

Makinda yakaota manyoya, yakaanza kujaribu mabawa. Lililo dogo likateleza, likaangukia kwa jirani, juu kabisa ya banda la njiwa. Nilikimbia nikamkuta keshalishika.

"Baba, usimuue!"

Alinitazama kama nimemtukana. "Nimuue kwa lipi? Mtoto ni mtoto."

Akalifunga kinda ndani ya shati, akachukua tenga la kusafirishia nyanya, akalivaa kichwani kama kofia ya chuma, akapanda ghorofani. Mama mtu alimshukia tena na tena, akilirarua lile tenga. Huku chini bibi alicheka mpaka khanga ikamfunguka. Jirani aliporudi, tenga limebaki nusu, mkono una mikwaruzo, na uso unang'aa kama bwana harusi.

Jioni ile bibi alimkaangia samaki, migebuka, akala kwetu kwa mara ya kwanza tangu wagombane juu ya njiwa kula mpunga. Wakakubaliana: mpunga ukianikwa, njiwa wafungiwe, na bibi atampa chenga za mchele za kuwalisha.

Makinda yaliporuka yakaenda zake, jirani ndiye aliyekuja kuuliza. "Mama, mbona kimya leo? Wameondoka?"

"Wameondoka."

Wakakaa wote wawili kwenye mkeka, wakitazama juu kama waliofiwa.

Bibi hayupo sasa. Jirani amerudi kwao Usevya, na pale uani zimejengwa fremu za maduka. Sijui kozi siku hizi wanataga wapi, maana kioo hakina mchanga. Lakini naamini mahali fulani Katavi hii, kwenye jabali au mnara wa simu, yupo mjukuu wa lile kinda, anapaa zake angani, hajui kwamba babu yake aliwahi kupandishwa ngazi na mfuga njiwa aliyevaa tenga.