Kiini Kwao, Ute Kwangu

Bebinka ni keki ya watu wasio na haraka. Wagoa niliowapikia pale Naguru walikuwa watu wa namna hiyo: mzee wao alikuwa karani wa serikali, na Krismasi bila bebinka kwake haikuwa Krismasi. Unachanganya tui zito, sukari, unga kidogo na viini vya mayai, vingi mpaka kuku waone haya. Unamimina upawa mmoja kwenye sufuria yenye samli, unafunika, unaweka makaa juu ya kifuniko. Tabaka likishika rangi, unapaka samli, unamimina jingine juu yake. Ukiharakisha, yote yanakuwa uji. Ni kazi ya kutwa, nami niliifanya miaka yote bila kuionja, kwa kuwa mama mwenye nyumba aliifungia kabatini. Mimi nilipewa ute wa mayai. Mke wangu aliukaanga na vitunguu, na watoto wetu walikua wakidhani yai halina kiini.

Wahindi walipofukuzwa nchini, Wagoa wetu nao wakafungasha. Yule mama alinishika mkono akilia, akasema mimi ni mtu wa nyumbani. Nyumba ikachukuliwa na mwanajeshi mmoja mkubwa, pamoja na viti, kinanda na mimi. Tofauti ni kwamba kinanda hakikuwa na mke na watoto katika chumba cha uani.

Afande akasikia habari za keki ya matabaka.

"Wewe mzee, Jumapili wageni yangu wanakuja," akaniambia. "Nataka ile keki ya Wagoa. Kama wanapenda, unabaki. Kama hapana, wewe na bibi yako mtafute nyumba ingine."

Siku zile sisi raia tulikunywa chai isiyo na sukari tukiambiana kuwa sukari huozesha meno. Kwa afande gunia zima lilisimama nyuma ya mlango. Nazi zilikuja kutoka Mombasa kwa lori la jeshi, bila shaka kwa usalama wa taifa.

Jumapili mchana nikaiweka mezani. Wageni, wote wamevaa magwanda, wakaitazama tu. Wakubwa wa wakati ule waliogopa chakula kuliko risasi.

"Kula kwanza," afande akasema. Nikakata kipande, akanizuia. "Hapana hivyo. Mtu anaweza kuweka sumu kwa tabaka moja. Kula moja moja."

Basi nikaketishwa kwenye kiti cha mzee wa Kigoa. Nikabandua tabaka la juu kwa uma, kama watoto wake walivyofanya nikiwatazama kutoka mlango wa jikoni. Nikala. Nikabandua la pili.

Ilikuwa tamu, sina neno jingine. Nikapandwa na hasira, wala si kwa afande. Nilimkasirikia yule mama aliyelia. Miaka yote ile, kipande kimoja kingempunguzia nini?

"Iko sumu?" afande akauliza.

"Bado sijajua, afande. Pengine iko upande ule mwingine."

Akanikatia kipande cha upande ule. Nikakila tabaka kwa tabaka, taratibu, wakubwa wakimeza mate. Waliponiona ningali hai wakaivamia, wakaimaliza mpaka makombo. Chumba cha uani kikabaki chetu.

Jioni nikarudi na bakuli la ute, kama desturi. Mke wangu alikwisha kubandika kikaango, watoto wamekaa wanangoja.

"Nasikia leo umeionja," akasema. "Ikoje?"

"Haina lolote," nikamwambia. "Afadhali ute."