Ndege Aliyefuata Siafu

Siku hizo za Mjerumani tulikaa Mpwapwa, chini kidogo ya mlima, na ndoa yetu haijamaliza mwaka. Mume wangu alikuwa mtegaji wa ndege wa bwana mmoja wa bomani, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu. Bwana huyo alitaka ndege wa kila aina. Aliwachuna, akawajaza pamba, akawapanga kwenye makasha.

Mmoja tu alimshinda. Tulimsikia juu kwenye msitu wa ukungu, filimbi tatu laini kisha kimya, lakini mtegoni hakuingia. Mwishowe bwana akachoka, akamwambia mume wangu, "Nisipomwona huyo ndege wiki hii, utakwenda Tabora na wapagazi."

Wapagazi wangapi tuliwajua ambao hawakurudi! Mume wangu alifika nyumbani, chakula hakukigusa.

"Unamtega kwa chambo gani?" nikamuuliza.

"Mtama."

Nikaangua kicheko, ingawa haikuwa siku ya kucheka. "Yule hali mtama! Namwona kila nikienda kuchuma uyoga. Anafuata siafu."

Hakuniamini, ila kulipopambazuka tulipanda mlima pamoja. Tuliwakuta siafu karibu na gogo lililooza, wametanda kama mkeka mweusi. Mbele yao panzi, buibui na mende walikuwa wakikimbia ovyo kuokoa roho zao.

"Kaa hapa. Usitikisike," nikamwambia.

Akaja! Mdogo, mgongo wa kahawia, kifua rangi ya kiini cha yai. Alishika kijiti chini kabisa, akainamisha kichwa, akachezesha mabawa, pu! akadondoka, akanyakua buibui, akarudi kijitini. Siafu wenyewe hakuwagusa. Akaja na wa pili, akatua shubiri moja tu kutoka mguu wangu. Mume wangu alinibana mkono hadi nikaumia.

"Ni yeye! Ni yeye huyu!"

Wavu alikuwa nao tayari. Lakini tukaona yule ndege hamezi. Anajaza mdomo na kuruka, anajaza na kuruka. Tukamfuata kwa macho mpaka kwenye kisiki, usawa wa goti langu. Ndani ya shimo, katikati ya kuvumwani na majani makavu, midomo miwili ya manjano ilikuwa wazi. Nimepita hapo mara ngapi bila kuona!

Mume wangu akakunja wavu. "Bwana alisema nisipomwona. Hakusema nisipomkamata. Basi aje amwone."

"Ila kisiki usimwonyeshe," nikasema.

Kesho yake bwana alipanda na darubini na bunduki. Tukawatafuta siafu tena, tukawapata ng'ambo ya kijito. Akalala kifudifudi. Ndege alipotokea, nilimsikia bwana ananong'ona kwa lugha yao. Kisha mkono wake ukaanza kuitafuta bunduki.

Hakuifikia. Siafu walikuwa wameshaingia kwenye suruali.

Jamani! Aliruka, akapiga yowe, buti huku, suruali kule! Mume wangu akamng'oa siafu mgongoni, mimi nimegeuka upande wa pili, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Na wale ndege, bila hofu yoyote, wakawa wanaokota wadudu waliotimuliwa na miguu yake. Bwana alipowaona akaanza kucheka mwenyewe mpaka machozi. Akaomba daftari lake, akaandika akiwa hana suruali.

Tabora mume wangu hakwenda. Bwana alimtaka awe kiongozi wake msituni. Sitadanganya kwamba ndege huyo alisalimika moja kwa moja. Baadaye bwana alimpata mmoja, upande mwingine wa mlima.

Lakini makinda wale wa kisikini waliruka. Niliwakuta siku chache baadaye, wamejaa madoadoa, mikia mifupi, wanaangukaanguka nyuma ya mama yao kuelekea msafara mwingine wa siafu. Niliweka kikapu cha uyoga chini, nikapiga makofi peke yangu.