Siku Tuliposhua Mashua ya Wagonjwa

Nje hakuna hatari kubwa ya kuambukizana, walituambia watu wa afya. Nje kuna upepo, na upepo hupeperusha. Walitufundishia hayo Kismayu, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi, tumebanana kwenye viti vya plastiki, na mwalimu, kijana mpole kweli, barakoa inamteleza kila akitaja pua. Nilicheka peke yangu. Nikarudi kisiwani kwetu Chovae na boksi la barakoa na glavu, sabuni, filimbi ya refa, na cheo: msimamizi wa usalama wa wajitoleaji. Ya Rabbi, mimi na cheo!

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Wajitoleaji wa kisiwa walikuwa wakizoa taka pwani, wakisafisha visima, wakiwapelekea maji wazee wasiotoka, nami nihakikishe hakuna anayeugua kwa sababu ya kuwasaidia wenzake. Basi. Na mwanzoni tuliweza, msinione hivi. Sabuni ilikataa kutoa povu kwenye maji yetu ya chumvichumvi, tukaisugua hadi ikakubali. Niliwapanga watu kwa urefu wa kasia: mtu, kasia, mtu. Wasichana walinicheka wakasema nimekuwa mwalimu wa gwaride. "Dada, nikitaka kupiga chafya nikuombe ruhusa?" Walicheka, lakini walitii, na nilianza kujiona najua ninachofanya.

Aliyenitia tabu alikuwa mjomba wangu. Ndugu wa mama, fundi wa mashua, aliyenilea kule kambi ya wakimbizi Kenya baada ya mama kufa, kisha akanirudisha kisiwani tulipoambiwa mambo yametulia. Mtu wa kelele. Hata salamu yake ilikuwa ugomvi. Kifua chake kilipiga mluzi miaka yote, kwa vumbi la mbao na moshi wa sifa, yale mafuta ya papa tunayozipaka mbao zisioze. Kismayu walisema wazi kwamba mwenye kifua kibovu asisogee kwenye kazi ya watu wengi, hata kama ni ya nje. Nikamwambia akae nyumbani.

"Nikae nyumbani nifanye nini," akasema, "nitage?"

Sikuwa na mzazi mwingine duniani. Nilipewa kisiwa kizima nikilinde, na nilikilinda, lakini niliyekuwa nikimlinda kwa moyo wangu wote ni yeye.

Kisha kikohozi kikaingia. Kilianza nyumba moja, kikahamia ya pili, na jirani yetu mmoja, mama wa watoto, akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Mkunga wetu, ambaye ndiye daktari wetu pia maana hatuna mwingine, alisema huyu ni wa kupelekwa hospitali Kismayu. Vizuri. Apelekwe na nini? Mashua yetu kubwa ya injini, ile ambayo mgonjwa anaweza kulazwa ndani yake bila kulowa, ilikuwa nchi kavu juu ya magogo. Mjomba ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Alikuwa ameshamaliza kuikalafati, amejaza pamba kila upenyo, imebaki kushuliwa majini. Na kuishua ni lazima wakati wa bamvu, maji makubwa yanayopanda hadi karibu na magogo. Yakipita hayo, unangoja bamvu jingine, na yule mama asingengoja.

Sasa nikuulize wewe: mashua nzito kama ile unaishuaje watu wakiwa mbalimbali? Nilikaa na swali hilo, nikachora mchangani, nikafuta, nikachora tena. Nikapata njia, au nilidhani nimepata. Kamba mbili ndefu kabisa, kila mtu ashike mahali pake, kasia kati yake na mwenziwe. Barakoa kwa wote. Pasiwe na mtu wa kusukuma ubavuni. Na pasiwe na wimbo, maana wimbo ni mate, nilifundishwa hivyo. Nitapiga filimbi, wavute.

Mjomba aliposikia hakuna wimbo alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Kwetu chombo huimbiwa. Mmoja huita, wengine hujibu, na lile jibu ndilo linaloingiza mabega yote kwa wakati mmoja. Na mwenye kuita alikuwa yeye, tangu nimjue.

"Chombo nimekikalafati kwa mikono yangu," akasema, "leo kishuliwe na filimbi?"

"Mjomba, nakuomba. Kwa ajili yangu. Kaa pale kwenye kibanda, upande upepo unakotoka, utazame tu."

Alinung'unika, akaniahidi, akavaa barakoa, akaenda akakaa. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha.

Walikuja watu wazuri siku ile. Kila mmoja alinawa, kila mmoja alivaa, kila mmoja alisimama mahali nilipomwonyesha. Wallahi niliona fahari. Nikapuliza filimbi, wakavuta. Nikapuliza tena. Mashua ilisogea kidogo, ikakaa. Filimbi haina pumzi ya kuvutia kamba. Inakwambia anza, haikwambii lini uungane na mwenzio. Wa mbele walivuta, wa nyuma wakachelewa, kamba ikalegea, ikakaza, ikalegea. Na kwa kuwa ubavuni hapakuwa na bega la mtu, mashua ikaanza kuinama. Nikasikia mbao zikilia. Kila mtu kisiwani anajua sauti hiyo. Ikilala ubavu imepasuka, na ikipasuka yule mama amekufa.

Maji yalikuwa yameshafika kikomo chake. Watu wote walinigeukia mimi, macho juu ya barakoa, wakingoja niseme neno. 

Nilimwona mjomba akisimama. Nilimwona akiishusha barakoa hadi kidevuni, bila haraka, kama mtu anayevua kofia aingie ndani. Nikakimbia nikamshika mkono. "Mjomba, la! Umeniahidi!"

"Mchu ni wachu, mwanangu," akasema kwa Kibajuni chetu, mtu ni watu. "Niache."

Akatia bega lake kwenye ubavu ulioinama, akaita.

Na watu wakamjibu. Nani angeweza kutomjibu? Waliziacha kamba zangu, wakaja, bega kwa bega, uso kwa uso, vinywa wazi, barakoa zilizoloa jasho zikining'inia shingoni. Nilipiga kelele waachane, hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Kisha na mimi nikatia mikono. Mnataka niseme nini? Mashua ilikuwa inakwenda. Ilikwenda ikihesabu magogo moja moja, na mjomba mbele anaita, mishipa ya shingo imemtoka, sauti ya kijana, na ilipogusa maji wanawake walipiga vigelegele mpaka nikalia. Penye wengi hapaharibiki neno, mzee mmoja akasema huku akijipangusa uso kwa barakoa yake.

Yule mama alipelekwa Kismayu siku hiyohiyo, na alipona. Yu hai, anachoma mikate ya mofa kila asubuhi, na akiniona huinamisha uso.

Maana baada ya hapo tulikohoa sote. Wengi waliumwa kama mafua wakainuka. Mjomba alikaa kitandani akigombana na kila mtu, kisha akawa hagombani, na hapo ndipo nilipoogopa. Ile pumzi iliyokuwa ikipiga mluzi ikawa inakwaruza. Tulimlaza ndani ya mashua ileile, nikakaa kichwani pake hadi Kismayu, naye njia nzima mkono wake ulikuwa unapapasa mbao, anazikagua. "Haivuji," akaniambia. Hilo ndilo la mwisho nililolielewa. Hospitali walimtia oksijeni, walifanya walichoweza, na hakikusaidia. Nilimwona kupitia mlango wa kioo. Sikuruhusiwa kumshika mkono.

Waliniruhusu nimrudishe akazikwe kwao, amefungwa kwenye plastiki, na nahodha akatanguliza simu kisiwani watu wajiandae. Niliposikia anapiga simu nilipata nguvu kidogo. Nilisema moyoni, angalau atabebwa. Kwetu jeneza halibebwi, linapokewa. Watu hugombania, huyu hatua chache, yule hatua chache, kila mmoja anataka thawabu zake, na maiti hufika kaburini kama anayeelea juu ya mabega ya mji mzima. Mjomba mwenyewe alikuwa hakosi jeneza la mtu, hata la mtu aliyegombana naye.

Tukafika. Wote walikuwa pwani. Barakoa usoni, wamenawa, wamesimama: mtu, kasia, mtu. Safu nzuri, haijapata kunyooka vile. Walikuwa wanalia, niliona mabega yakitikisika. Hakuna aliyesogea.

Nikawaambia, "Njooni mumpokee."

Wakatazamana. Kisha wanne walioteuliwa wakatoka, wamevaa glavu za boksi langu, wakambeba wao peke yao, na hakuna aliyekwenda kuwapokea. Njia ya makaburini ni mchanga mtupu. Niliwatazama kutoka mlangoni kwetu, maana sisi wanawake hatufiki kule, nikaona wanachoka. Wakamtua chini. Wakapumzika, wakamwinua. Wakamtua tena. Na wengine wote wanafuata nyuma, mbalimbali, mikono mitupu, wanamtazama mjomba wangu ametuliwa mchangani kama mzigo wa kuni.

Jioni wasichana wangu wa kujitolea walikuja hadi kizingitini kunipa pole. Walisimama mbali. Mmoja wao, yule aliyekuwa akinitania habari za chafya, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, tumekosea wapi?"

Hawakuwa wamekosea. Katika wale wanne hakuna aliyeugua, wala katika waliofuata. Walifanya yote niliyowafundisha, na siku ile, kuliko siku yoyote, walikuwa salama. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia ahsanteni, nendeni mkapumzike, mnawe mikono.

Kisha nikafunga mlango nikawachukia, wote, kila mmoja wao aliyeko hai, na mpaka leo bado nawachukia.