Upepo Uliponyamaza Nilifungua Mlango

Nimekosa, na kosa langu halina shetani wa kusingiziwa. Ni langu mwenyewe. Nimelitoa pwani nikalipandisha mlima hadi huku Shume kama mzigo wa kuni, na hakuna aliyenitua.

Wewe unayenisoma sikujui, na hunijui. Ndiyo maana nakwambia wewe.

Mimi ni bibi mwenye jina lake. Viazi vyangu vikishuka gulioni Lushoto, watu huuliza, "Hivi ni vya bibi yule?" Nimezaa, nimezika, nimelima mteremko ambao mbuzi anauogopa. Sikuwa mtu wa kuambiwa. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia!

Binti yangu, kitinda mimba, aliolewa na kijana wa Magoma, kule chini ya mlima kwenye joto. Sikumpenda. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mpole, amesoma, na Mwingereza alimpa ukarani wa bandari huko pwani ya kusini. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za upepo zinazokuja kwa simu ya waya, kisha apandishe bendera mlingotini ili wenye vyombo wajue. Nilicheka. "Mwanamume mzima anaanika vitambaa!" Nikampa jina, Bwana Bendera. Binti alinuna, nami nikazidi kulitaja.

Alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kumtunza. Nikashuka Mombo, nikapanda gari moshi mpaka Tanga, kisha meli, nikitapika njia nzima. Nikafika na kikapu cha maharage ya Shume na kiburi changu chote.

Sasa shika jambo hili, maana bila hili hutanielewa. Kwetu Wasambaa wa zamani, mama mkwe na mkwe wake mwanamume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapinda vichakani. Hawali pamoja, hawagusani hata ncha ya kidole. Kwa hiyo katika nyumba ile ya serikali, vyumba viwili tu, tuliishi kwa pazia. Asubuhi nasikia, "Shikamoo mama." Naitikia, "Marahaba," naye anakwenda zake kazini. Nilimjua kwa kisogo.

Siku moja alirudi mapema. Nikachungulia penye tundu la pazia. Kumbe amechota maharage yangu, ameyapanga mkekani! Haragwe jeupe ukingoni, na jekundu mbali.

"Hili jeupe ni sisi," alimwambia mkewe. "Hili jekundu ni tufani. Jana ilikuwa huku, nyuma ya visiwa. Leo waya umesema iko hapa."

Akalisogeza lile jekundu. Kila aliporudi kutoka ofisini alilisogeza tena. Halikurudi nyuma hata mara moja.

Nikapaza sauti, "Mwambie mumeo maharage ni ya kula!"

Binti alicheka. Mumewe hakucheka. "Mama anisamehe," alisema, "lakini sikilizeni wote. Upepo utaanza kutoka kusini, utayasukuma maji yatoke ghubani. Kisha utanyamaza kabisa, huenda hata jua likatoka. Msidanganyike! Hapo tutakuwa katikati yake, kama kidole ndani ya pete. Halafu utageuka utokee kaskazini, na ghuba yetu imefungua mdomo kaskazini. Bahari itaingia yote."

Nilisikia. Neno kwa neno nilisikia! Asije mtu akanitetea kwamba bibi wa watu hakuambiwa.

Nilichojibu ni hiki: "Mtu wa Magoma anifundishe upepo, mimi wa Shume? Huko kwao moshi unapanda wima kama mnazi!"

Asubuhi ya siku yenyewe alimpeleka binti yangu na kichanga kwenye ghala la mawe la bandari, juu kwenye mwinuko. Majirani wote walikwenda huko. Mimi nilikataa. Nijibane ghala moja na mkwe wangu, kanga yangu imguse mguu, watu wanatazama? Heri nife! Nilisema hivyo hivyo, "Heri nife," na malaika wakasikia, ila wakaandika jina la mwingine.

Aliwafikisha, kisha akarudi kunifuata mimi, bila kumwambia mkewe aendako. Upepo ukawa umekwisha kuwa mkali, hakuna wa kutembea nje. Akaingia chumba chake, nami changu, pazia katikati.

Upepo ule! Huku kwetu upepo hupiga mluzi. Ule ulikuwa unasaga, kama jiwe la kusagia linazungushwa juu ya bati.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Kitambo tena, "Mama, upo?"

"Si nimesema nipo! Ungetaka niwe wapi, sokoni?"

Nikamsikia anacheka kidogo. Ni mara ya pekee niliyowahi kumchekesha.

Kisha upepo ukanyamaza.

Katika ukoo wetu, upepo mkubwa ukipita, hakuna atokaye mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba afungue mlango, amwage jivu kizingitini, aseme, "Umepita." Ndivyo alivyofanya mama yangu, na mama yake. Nami nimefanya hivyo mlimani tangu nikiwa mke mpya, na sijakosea. Upepo wa mlimani ukinyamaza, umekwisha. Haugeuki kama mwizi aliyesahau kitu.

Nikachota jivu.

"Mama, usifungue!"

"Nyumba hii mkubwa ni nani?"

Angejibu nini, masikini? "Ni wewe, mama."

"Basi umepita."

Nikafungua mlango. Jua linawaka! Hewa imesimama, jani halitikisiki. Na bahari haikuwepo. Ghuba nzima ilikuwa tope tupu, na samaki wanarukaruka wanatafuta maji. Mimi nikafikiria mchuzi. Mzazi anataka mchuzi wa samaki maziwa yashuke. Nikajikaza kanga, nikateremka.

Alinifuata. Alikuja nyuma yangu ameelekeza uso pembeni kwa heshima, hata pale!

"Mama, nakuomba. Mama, turudi. Mama, nitukane utakavyo, lakini turudi."

Mwingine angenikamata akaniburuta. Yeye hakuwa na ruhusa ya kunigusa, nami nilijua, nikaitumia heshima yake kumchapia. Niliendelea kuokota samaki na kuwatia ndani ya kanga. Tena nilimwambia, bila kugeuka, "Kaanike bendera zako!"

Kwanza nilihisi baridi shavuni, shavu la upande wa pili. Nikainua kichwa. Kwenye mdomo wa ghuba palikuwa na mstari mweupe, nao unasogea. Nililikumbuka haragwe jekundu.

Tulikimbia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la mawe la kukinga maji ya mvua, refu kuliko mtu. Maji yakatukuta hapo. Yalikuwa miguuni, mara magotini, mara kiunoni, yamebeba magogo na vyungu vya watu. Hapo ndipo aliponigusa. Alinibeba kiunoni kama gunia la viazi, akanisukumia juu ya tangi. Nami nikapiga kelele, "Usiniguse!"

Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Nikalala kifudifudi pale juu. Yeye yuko chini yangu, maji kifuani, amejibandika kwenye ukuta laini usio na pa kushika. Akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso mzima. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, sikuwa nalijua. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipe mkono."

Sikumpa.

Sikutaka afe, Mungu ni shahidi wangu! Mkono wenyewe ulijirudi kifuani, kama unavyojirudi ukigusa chungu cha moto. Tangu usichana ulifundishwa kwamba huyu haguswi. Ilikuwa kitambo cha kumeza mate tu. Nilipoushusha, nilishika maji.

Walimkuta kwenye mikoko, maji yalipotoka. Walipokuja kuniteremsha, binti yangu alikuwa mbele, mtoto kifuani. "Mume wangu yuko wapi?"

Nikasema, "Alikwenda kukaza bendera zake."

Nani angebisha? Mlingoti ulikuwa umeng'oka. Nyumba haikuwa na mlango tena wa kuulizwa nani aliufungua.

Tukarudi nyumbani. Kwanza Magoma, kwenye matanga. Mama yake alinikalisha karibu naye, akanipa maji kabla ya wengine. "Mwenzangu, wewe ulikuwa huko," alisema. "Mwanangu alisema neno gani mwisho?"

Nilimtazama mwanamke yule, nikamwambia, "Sikumwona."

Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtunza mjukuu wetu. Mkono ule ule!

Tangu hapo sina amani. Watu huku Shume hulalamikia upepo unaopiga misituni. Mimi ukivuma nalala kama mtoto. Ukinyamaza, naamka. Miti yote ikisimama kimya, nasikia kwa nyuma, karibu kabisa, sauti ya heshima: "Mama, upo?" Nami siitikii, maana nikiitikia ataniambia nimfungulie. Nikichagua maharage kwenye ungo, jekundu moja likijitenga ukingoni, nauacha ule ungo nakwenda kukaa nje.

Ningekufa na siri hii, nisingesema. Lakini mjukuu wangu amekua, anakimbia, anauliza. Siku moja alifunga kitambaa kwenye ufito, akausimika uani. "Bibi, tazama! Bendera ya baba!"

Mama yake alitoka jikoni, akaing'oa, akaivunja gotini. "Baba yako alipenda bendera kuliko wewe na mimi," alimwambia. "Alituacha ghalani akaenda kuzikumbatia. Usiniletee bendera hapa!"

Mtoto hakulia. Aliokota vile vipande viwili, akawa anajaribu kuviunga kwa mate.

Nikaona: kumbe namwua tena. Mara ya kwanza maji yalinisaidia. Hii ya pili ni mimi peke yangu.

Nikamwambia binti yangu yote, pale pale uani. Mlango, samaki, tangi, mkono. Nilimwonyesha hata jinsi ulivyojirudi kifuani. Nilitaka anipige. Nilitaka alie aniite mchawi, nami nipate cha kujitetea.

Alichukua vile vipande kwa mtoto, akatafuta ufito mpya, akararua pindo la kanga yake, akafunga, akasimika mbele ya mlango. Kisha akamwambia mtoto, "Baba yako alirudi kumfuata bibi. Alikuwa ametufikisha sisi kwanza." Akaingia ndani.

Bendera ipo mpaka leo, imechakaa na mvua. Natoka nayo iko, naingia nayo iko.

Na binti yangu hakunifukuza. Ananipikia, ananifulia, ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Ila hanipi kitu mkononi. Chakula ananiwekea chini kizingitini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Maji vivyo hivyo. Nikimnyooshea mkono, anautazama mpaka naurudisha.

Magoma bado sijashuka. Karatasi hii ikichapishwa kabla sijafika, basi mwenzangu, mama wa marehemu, jua kwamba mwanao alisema neno mwishoni. Alisema, "Mama, nipe mkono." Wewe ungempa.

Nyie akina mama wenzangu wenye wakwe, mnaojua kila kitu, nisikilizeni mimi niliyekuwa najua kuliko nyie! Upepo wa kwenu ni wa kwenu. Ukifika kwa watu, waulize wenyewe. Mkubwa wa nyumba si lazima awe yeye wa kufungua mlango. Na mila zetu nazipenda, sizitukani, mimi mwenyewe ni mila. Lakini mtu akizama mbele yako akakunyooshea mkono, awe mkwe, awe adui, awe nani, ushike! Ushike kwanza. Aibu mtaifunika baadaye, wote wawili, mkiwa nchi kavu.